Kazi ya kupaka hina kwenye maharusi na shughuli: maswali mnayouliza kila siku

Maswali haya ndo yanayorudi kila wiki, kutoka kwa wadada wanaotaka kuingia kwenye kazi ya hina, na kutoka kwa mabibi harusi na mama zao. Nimeanza na ya mwanzo nikamalizia na yale magumu, soma unalolihitaji, na kama jibu liko sehemu nyingine nimekuelekeza. Mie nafanya kazi Unguja na mara nyingine navuka kwenda Dar, kwahiyo mifano mingi ni ya huku kwetu.

## Ya mwanzo

Hina inashikaje kwenye ngozi?

Hina ni majani ya mhina, kitaalamu Lawsonia inermis, mti mdogo unaopenda joto na ukame. Majani yanakaushwa yanasagwa, na ndani yake kuna rangi inaitwa lawsoni, ukichanganya unga na kitu chenye tindikali kidogo kama ndimu ile rangi inatoka taratibu na ikikaa juu ya ngozi inaingia kwenye tabaka la juu inagandana nalo. Kwahiyo haiko juu ya ngozi kama rangi ya kucha, ni ngozi yenyewe imepata rangi, na inatoka kadiri ngozi inavyojibadilisha, kawaida wiki moja mpaka tatu.

Viganja na nyayo zinakolea kuliko sehemu yoyote kwasababu ngozi yake ni nene. Mkono wa juu, ugokoni na kifuani rangi inakuwa nyepesi hata ufanyeje, mwambie mteja mapema asije akalalamika.

Mbona hina yangu ikitoka ni ya chungwa, imeharibika?

Haijaharibika, ndo inavyotakiwa. Hina ya kweli ukiibandua inakuwa rangi ya chungwa, halafu inaendelea kukolea yenyewe kwa siku moja mpaka mbili mpaka inafika hudhurungi au damu ya mzee. Hili jambo moja tu wateja wangelijua, nusu ya ugomvi wa kazi hii ungekwisha, maana mtu anakuja Ijumaa saa kumi jioni harusi Jumamosi asubuhi anataka nyeusi tii, na hapo ndo mlango wa piko, ile rangi nyeusi ya nywele, unapofunguka (soma sehemu ya piko hapo chini, tafadhali usiiruke).

Nijifunze vipi kama sina mtu wa kunifundisha?

Anza na kuuzoesha mkono wako, maua yatakuja. Tengeneza koni (kimfuko cha plastiki chenye ncha cha kuchorea), tia uji mzito wa unga wa ngano, chukua sahani ya glasi au faili la plastiki, chora mistari iliyonyooka, kisha mawimbi, kisha nukta zinazolingana, futa rudia. Ukiona mstari wako hauna unene huku na wembamba kule ndo uanze jani, halafu ua, halafu mnyororo wa maua unaopanda kutoka kidoleni mpaka kiwikoni. Wengi wanaanza kwa kunakili bibi harusi mzima kutoka mtandaoni na ndo maana wanakata tamaa.

Ukipata mama mtu mzima anayepaka mtaani kwenu nenda ukakae naye hata kama kazi yako itakuwa kushika tochi na kukunja koni. Kule unajifunza vitu ambavyo video haikuoneshi, namna ya kumkalisha mteja, namna ya kushika mguu wa mtu mzito bila kuumia mgongo, maneno ya kumwambia mama wa bibi harusi anapoanza kuingilia.

Kuna mitindo gani na mteja anaposema "ya kiarabu" anamaanisha nini?

Huku kwetu akisema ya kiarabu mara nyingi anataka maua makubwa yenye nafasi ya ngozi katikati, yanapanda mkono kwa upande, mtindo unaopendwa Oman na Ghuba yote. Ya kihindi imejaa, mpaka huoni ngozi, viganja na mikono mpaka kiwikoni. Ya kisudani ni michoro mikubwa mizito yenye rangi nyeusi nyeusi. Ya kimoroko ni pembe na mistari. Yetu ya mwambao imechukua kidogo huku na kule, maua na majani yanayotambaa, na ile ya kupaka nyekundu ndani na kuzungushia nyeusi ambayo mabibi harusi wengi bado wanaitaka.

Kabla hujakubali kazi mwambie akutumie picha mbili tatu anazozipenda, maana neno moja kila mtu ana picha yake kichwani. Desemba 2024 UNESCO iliiandika hina kwenye orodha ya urithi wa utamaduni kwa ombi la nchi 16 za Kiarabu, Oman na Yemen na Sudan zikiwemo. Sisi wa mwambao hatumo kwenye ombi lile, na mimi naona inatupasa tuanze kuweka kumbukumbu za maua yetu, hasa yale ya bibi zetu.

## Unga, mchanganyiko na koni

Nichanganye vipi?

Kipimo ninachokiamini ni unga gramu 100 uliochekechwa vizuri, maji ya ndimu yaliyochujwa au maji ya kawaida kama mililita 250 mpaka 300 (usimimine yote mara moja, unga unatofautiana), sukari gramu 30, na mafuta ya lavenda au ya mkaratusi mililita 30. Koroga mpaka iwe kama mtindi mzito, funika na plastiki iguse juu ya hina yenyewe isiingie hewa, acha. Kwa joto la Unguja masaa sita mpaka kumi inatosha. Kujua kama imeiva weka tone kiganjani dakika tano, ukifuta ikaacha alama ya chungwa basi tayari.

Sukari inafanya hina ibaki inanata isikauke ikapukutika, na mafuta yanaisaidia rangi kutoka. Ngozi ikiwashwa na ndimu tumia maji tu, inachukua muda zaidi kuiva ila inakolea vizuri.

Kuhusu mafuta ya karafuu, najua tunayo, Pemba wanayakamua kutoka kwenye makonyo na yanaleta rangi nzuri kweli, lakini yanaunguza ngozi za watu wengi na mimi sitii kwa mteja nisiyemjua.

Unga mzuri niujueje?

Unga wa mwili lazima uwe laini sana, la sivyo koni inaziba katikati ya ua. Uwe kijani na harufu ya majani makavu, ukiwa hudhurungi umezeeka. Mwingi unaouzwa Darajani na Kariakoo unatoka India, na Sojat kule Rajasthan ndo mji wenye jina kwa hina. Nunua kidogo kwanza ujaribu, ukiupenda ongeza, uhifadhi kwenye friza.

Koni za dukani je, si zinarahisisha kazi?

Koni ya dukani inayokaa rafuni mwaka mzima bila kuharibika haiwezi kuwa hina tupu, maana hina iliyokorogwa kwenye joto letu inakufa ndani ya siku chache. Ukinusa ikanuka petroli au mafuta ya taa, ukasoma haijaandikwa kilichomo, ukasikia muuzaji anasema inakolea kwa dakika kumi na tano, iache hapohapo. Tengeneza zako, zigandishe, kwenye friza zinakaa hata miezi sita na siku ya kazi unatoa unazohitaji tu.

## Piko

Piko na hina si kitu kimoja?

Hapana, hapana, hapana. Piko ni rangi ya nywele. Ndani yake kuna kemikali inaitwa parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD, na ndo inayoleta weusi wa haraka. Hakuna hina ya asili inayotoka nyeusi, mtu akikuambia ana hina nyeusi ya asili muulize kilichomo. Kuna rangi ya tunda la Amerika Kusini linaitwa jagua inayotoa bluu nyeusi, ila huku kwetu ni ngumu kupata na nayo ina watu inaowadhuru.

Nchi za Ulaya zimeruhusu PPD kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 baada ya kuchanganywa, na kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Sisi tunaichanganya kwa macho kwenye kibakuli na kumpaka mtoto wa miaka saba usiku wa Idi.

Lakini bibi yangu na mama yangu wamepaka piko miaka yote na hawajadhurika?

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote na nataka nilijibu vizuri. PPD haimdhuru kila mtu, na haimdhuru mtu mara ya kwanza mara nyingi. Inavyofanya ni kwamba mwili unaizoea vibaya, yaani unajifunza kuikataa, unaweza kupaka Idi hii salama na ijayo salama na ya tatu ngozi ikavimba malengelenge yakafuata ua lenyewe lilivyochorwa, yakapona yakaacha kovu lenye umbo la ua. Na mwili ukishajifunza hausahau. Huyo mtu hatoweza tena kupaka rangi nyeusi ya nywele, na anaweza kudhurika na vitu vingine vyenye undugu na PPD, baadhi ya dawa za ganzi za kupaka na vitu vya mpira mweusi vikiwemo.

Dalili zinaweza kuja siku kadhaa baadae, ndo maana watalii waliopakwa ufukweni Nungwi au Diani wanaweza kuvimbia kwao na aliyewapaka hajui kitu. Kwahiyo mpakaji anayesema "wateja wangu wote salama" huenda hajarudiwa tu.

Si ningemjaribishia kidogo nyuma ya sikio kwanza?

Haitoshi. Kwanza anaweza asidhurike leo akadhurika mara ijayo kama nilivyoeleza juu, pili hilo tone lenyewe linaweza kuwa ndo linaloufundisha mwili kukataa.

Mteja anang'ang'ania piko, nimkose?

Mimi sipaki piko, na nasema hivo wazi kwenye simu kabla hatujafika kwenye bei. Lakini simuachi hewani, namuuliza anataka nini hasa. Wengi wanataka ionekane kwenye picha, na hina iliyopakwa siku mbili kabla ikatunzwa vizuri inaonekana vizuri sana kwenye picha hasa viganjani. Anayetaka ule mzunguko mweusi namchorea mstari mnene kwa hina ileile iliyokaa usiku kucha na ndani namjazia kwa mistari myembamba, mstari mnene unashika zaidi na tofauti inaonekana. Kuna wanaokubali kuna wanaokwenda kwa mwingine. Nawaonesha pia picha za hina zangu saa ileile zilipobanduliwa na baada ya masaa 48, hizo picha mbili zimeniletea kazi kuliko maneno yote.

## Bibi harusi

Nimpake siku gani?

Harusi ikiwa Jumamosi, paka Alhamisi usiku. Ndo siku mbili zile za kukolea.

Na mpangilio wa mambo mengine muhimu sana: singo (ile ya kumsugua bibi harusi mwili mzima), waksi, kusugua miguu, vyote vinatangulia. Bibi harusi anayefanyiwa singo baada ya hina anaikwangua hina yake mwenyewe, na anayekuja kwangu bado ana mafuta ya singo mwilini hina haimshiki. Ongea na somo wake (kungwi) mapema, yeye ndo mwenye ratiba, msipokubaliana naye utafika umkute bibi harusi amepakwa liwa (unga wa mti unaonukia) mpaka shingoni.

Anaswali, atakaaje na hina masaa yote hayo?

Hina ikiwa bado mbichi juu ya ngozi inazuia maji, kwahiyo udhu haupiti mpaka ibanduliwe. Rangi inayobaki haina tabaka haizuii kitu, tofauti na rangi ya kucha. Wanawake wa mwambao wamelitatua hili zamani, hina inapakwa baada ya Isha, analala nayo, Alfajiri anaibandua. Anapata masaa ya kutosha bila kukosa swala yoyote. Walio kwenye siku zao wanaruhusiwa kupaka kama kawaida, na wakati wa Ramadhani hina haifunguzi.

Kazi ya bibi harusi inachukua muda gani na nibebe nini?

Mikono mpaka kiwikoni na miguu mpaka chini ya goti, maua ya kujaa, tegemea masaa manne mpaka sita, ukiwa mzoefu pungufu kidogo. Beba koni za ziada, pini ya kuzibulia, tishu, pamba, mafuta ya nazi, mto mdogo wa kuwekea mkono wake, na tochi ya kichwani, umeme ukikatika saa nne usiku na umefika mkono wa pili utanikumbuka.

Kabla hujaanza mwambie aende chooni, ale, apige simu zake zote. Ukishamaliza mikono hana mikono tena, atahitaji mtu wa kumlisha na kumkuna na kumfunika mtandio, muulize ni nani huyo na umkalishe karibu. Anza na miguu wakati watu bado wachache, mikono umalizie. Na kama ni hotelini zima kiyoyozi, baridi inaua rangi.

Aftakea yake, yaani kuitunza baada ya kupaka, ikoje?

Ikianza kukauka pakaa maji ya ndimu na sukari kwa pamba, gusisha tu usilowanishe. Asubuhi abandue kwa mgongo wa kisu cha mezani, sio kwa maji. Apake mafuta ya nazi au simsim, akae mbali na maji masaa 12 mpaka 24 akiweza. Wengine wanafukiza viganja kwa moshi wa karafuu, joto linasaidia na harufu yake inapendeza. Siku zinazofuata adui yake ni sabuni kali, kusugua, maji ya bahari na ya swimingi puli.

## Idi, kitchen party na shughuli za wageni wengi

Wageni 40 nitawamaliza?

Piga hesabu. Ua la mgeni mmoja upande mmoja wa mkono ni dakika tano sita, na kumuinua huyu kumkalisha yule, kwahiyo weka watu nane kwa saa. Masaa matatu ni watu 24. Wageni 40 maana yake mpo wawili, au shughuli irefuke, na hilo unamwambia mwenye shughuli siku ya kupanga sio siku yenyewe watu wanasukumana.

Njoo na karatasi ya maua kumi yenye namba, mtu anachagua namba akiwa kwenye foleni. Ukiwaachia simu zao kila mmoja atakuja na bibi harusi wa Bombay. Dar kwenye kitchen party na send-off wengi sio waislamu na hawajawahi kupaka, waeleze habari ya chungwa kabla hawajaondoka.

Usiku wa Idi nifanyeje, watu hawaishi?

Anza kupokea siku tatu kabla na uwape bei nafuu wanaowahi, rangi yao pia itakuwa imekolea siku ya Idi. Usiku wenyewe fanya maua mepesi tu ya bei moja, funga orodha mapema. Watoto wape ua dogo kiganjani, lakini soma kwanza swali la watoto hapo chini.

Nitoze bei gani?

Siwezi kukutajia, Michenzani ya Unguja sio Masaki ya Dar. Andika unga, mafuta, koni, nauli ya kwenda na kurudi (usiku ni teksi, usijidanganye na daladala), msaidizi, halafu masaa yako. Wadada wengi wanatoza mchoro wanasahau masaa, anatoka nyumbani saa moja usiku anarudi saa tisa na alichobaki nacho hakimtoshi chai. Chukua kianzio nusu kwa simu ndo uandike tarehe, na kwamba nusu hiyo hairudi mteja akiahirisha siku ya mwisho, waandikie kabisa kwenye ujumbe.

Naruhusiwa kupiga picha?

Uliza, tena muulize bibi harusi mwenyewe akiwa peke yake. Wengi wanakubali mikono tu, hakuna uso, hakuna nywele, na usirushe mpaka harusi ipite. Kwenye chumba cha hina wanawake wamevua mitandio, simu yako ielekee kiganjani basi.

## Yale magumu

Watoto na wajawazito?

Mjamzito mpake hina tupu ya maji na unga na sukari, bila mafuta makali. Watoto wachanga mimi sipaki kabisa. Kuna watu wana upungufu wa kitu kwenye damu kinaitwa G6PD, unapatikana sana sehemu zenye malaria kama zetu, na hata hina ya asili inaweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu, mtoto mdogo ndo yuko kwenye hatari zaidi. Muulize mama kama hospitali wamewahi kumwambia mtoto asipewe dawa fulani au asile kitu fulani kwasababu ya damu, akisema ndio acha.

Aliyefiwa na mume anataka kupaka?

Akiwa kwenye eda ya miezi minne na siku kumi anajizuia na mapambo, hina ikiwemo. Kwenye nyumba yenye shughuli ndugu wanaweza kumvuta tu akae apakwe, wewe usimuulize mbele za watu, pita.

Bwana harusi je?

Kwa mapambo masheikh wengi wanawakataza wanaume, kama familia ina desturi yao waamue wenyewe. Mimi maua simchori mwanamme.

Mteja amebabuka kwa piko ya mtu mwingine, ananiomba nimfunike na hina?

Usiguse. Asipake ndimu wala majivu wala dawa ya meno, aoshe kwa maji na sabuni laini aende kituo cha afya, na akivimba uso au akipumua kwa shida aende hospitali saa hiyohiyo. Aseme wazi kwamba alipakwa piko, wengi wanasema "hina" na daktari anatafuta tatizo kwengine. Baada ya hapo asipake tena rangi nyeusi ya nywele maishani.

Anakwenda kufanyiwa operesheni, au ana miadi ya alama za vidole?

Operesheni, muachie vidole viwili bila kitu mpaka kwenye kucha, kile kifaa wanachobana kidoleni kupima oksijeni kinaweza kusoma vibaya kucha ikiwa nyeusi. Alama za vidole, waombaji wa viza ya Uingereza wanaambiwa ncha za vidole zisiwe na mapambo kama hina, na bibi harusi anayemfuata mume nje huwa na miadi hiyo karibu karibu na harusi. Kwahiyo uliza siku ya kuchukua kianzio. Kama miadi ipo mchoree mpaka kifundo cha mwisho cha kidole umuachie ncha wazi, ua likiishia hapo kwa nukta ndogo linapendeza na hakuna atakayejua kwamba kuna kitu kimeachwa.